Kamera ya usiku nyuma ya darubini ya bunduki: mbona picha inakuwa nyeupe kama tui?

#1 Mvuka Kivuko (mleta mada)
Wagosi, habari za jioni. Najua humu kuna watu wa vifaa, watu wa mashamba na watu wa kubisha tu. Wote karibuni.

Baba mdogo ana shamba la mihogo na mahindi kusini ya mto Pangani. Ukishavuka kivuko cha Bweni unaifuata njia ya Mkwaja. Nguruwe pori wanalima kule kuliko sisi. Wanakuja usiku, wanafukua mhogo mchanga, wanakula nusu na kuangusha uliobaki kama watu wenye kisasi. Mzee ana bunduki yake ya kihalali, ya kukoki risasi moja moja, na juu yake darubini ya zamani ya kukuza mara 3 mpaka mara 9, lenzi ya mbele milimita 40.

Shemeji yangu aliyeko Uingereza kaleta kamera ya usiku ya kidijitali, ile ya kuchomeka nyuma ya darubini kwa adapta, pale unapoweka jicho. Ushuru ulilipwa na karatasi zipo, msinianze hapo.

Juzi tumeifunga, bunduki haina risasi, tukailaza juu ya gunia la mchanga tuangalie tu. Magharibi picha safi kama televisheni. Saa mbili usiku bado inaridhisha. Ilipofika saa nane tukawasha tochi yake ya infraredi, ile ya mwanga usioonekana kwa macho, skrini nzima ikawa nyeupe kama tui la kwanza. Msalaba wa darubini, ile mistari ya kulengea, unauona kwa mbali, nguruwe unawasikia wanatafuna, kuwaona huwaoni. Nini hiki?

#2 Fundi wa Chumbageni
Mgosi, swali moja kabla sijasema kitu. Hiyo tochi imejengewa kwenye kamera yenyewe, au ni ya pembeni?

#3 Mvuka Kivuko
Imo kwenye kamera, inatokeza juu ya darubini kidogo.

#4 Fundi wa Chumbageni
Basi jibu unalo. Tochi iko nyuma, darubini iko mbele yake. Mwanga ukitoka unaanza kugonga vifundo vya kurekebishia shabaha, halafu ule mdomo mpana wa mbele, halafu mtutu. Vyote hivyo viko chini ya mita moja kutoka kwenye kamera, vinang'aa vibaya sana. Kamera inaona weupe wa karibu, inajipunguzia mwanga, na shamba lote linazama. Wewe hukuona kitu kwa macho kwa sababu jicho la mtu linaishia kwenye mwanga wa mawimbi ya karibu nanomita 700, na tochi hizi zinatoa 850 au 940. Kihisi cha silikoni cha kamera kinaona mpaka karibu 1100. Kwako ni giza, kwake ni mchana wa jua kali.

Dawa: zima tochi ya kamera, tafuta tochi ya infraredi ya pekee, uifunge mbele zaidi au pembeni isiguse darubini.

#5 Kaskazi
Fundi nakuheshimu lakini hapo umekaa Chumbageni, hujalala Mkwaja. Saa mbili picha nzuri, saa nane nyeupe. Darubini imeota vifundo vipya kati ya saa mbili na saa nane? Kilichobadilika ni hewa. Mimi ni mvuvi, usiku mkubwa ule unyevu wa bahari unashuka, majani yanalowa, karabai yenyewe unaiona ina duara la ukungu. Tochi ya infraredi ni mwanga kama mwanga mwingine, ikikuta vitone vya maji inarudi. Nenda na gari Lushoto kwenye ukungu uwashe taa kubwa, uone kama utaiona kona.

#6 Kidevu
Shemeji kawaletea tochi ya mtoto wa chekechea, nyie mnaongea nanomita. 😂

#7 Mvuka Kivuko
Kidevu tulia. Kaskazi, ni kweli umande ulikuwa mwingi, shati liliganda mwilini. Lakini Fundi, saa mbili hatukuwasha tochi, tulikuwa bado na mwezi. Sikusema hilo, samahani.

#8 Fundi wa Chumbageni
Ahaa! Sasa Kaskazi, nani kaota vifundo?

#9 Mzee wa Doria
Salamu wote. Nimefanya kazi ya uhifadhi miaka mingi na sasa nafuga kuku. Naona mnafunga tu, hakuna aliyeuliza mnafunga kwa ajili gani. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inakataza kuwinda usiku, na inakataza kuwinda kwa kumulika taa. Ukienda tena mbele kidogo kutoka hapo unaingia Hifadhi ya Saadani, na mipaka yake haina ukuta, mnyama anatoka anaingia. Ukikutwa saa nane na bunduki yenye kamera ya usiku, utamweleza nani kwamba ulikuwa unalinda mhogo?

Kijana, mwambie mzee aende kwa afisa wanyamapori wa wilaya, aandike barua, apewe jibu la maandishi. Mara nyingi wanatuma askari wao wenyewe. Na kibali cha bunduki ni jambo jingine kabisa, hilo ni la polisi chini ya sheria ya silaha na risasi ya 2015. Kuwa na kibali cha kumiliki si ruhusa ya kufyatua popote na saa yoyote.

#10 Mpinzani Mkuu
Mzee wa Doria shikamoo. Lakini mtu kulinda mali yake si haki? Nguruwe akimaliza shamba wanangu watakula barua?

#11 Mzee wa Doria
Marahaba. Kujitetea ni utetezi utakaoutoa mbele ya hakimu baada ya kukamatwa, si leseni ya kutoka nayo nyumbani. Mnyama anayekukimbilia ni kitu kingine, na mnyama uliyemvizia kwa kamera, umelalia gunia la mchanga, ni kitu kingine. Hilo gunia peke yake litakufunga.

#12 Mvuka Kivuko
Shikamoo mzee. Barua baba mdogo alishaandika, ameambiwa asubiri watakuja kukagua. Ndiyo maana nimesema tuliangalia tu. Kwa sasa nataka kujua kifaa kina ubovu au sisi ndio wabovu.

#13 Mama Mihogo
Mimi niko Handeni na ninayaongea kwa uchungu. Mume wangu alikuwa na rafiki yake mwenye bunduki, wakaja na kamera kama hiyo, ya kuchomeka nyuma. Wakaona macho mawili yanawaka kwenye mahindi. "Nguruwe huyo." Pa! Asubuhi tukakuta mbuzi wa jirani, jike, ana mimba. Tulilipa mbuzi wawili na maneno ya mwaka mzima. Mpaka leo jirani akipita anasema "hamjambo wawindaji".

#14 Daktari wa Mifugo Maramba
Mama Mihogo pole. Hapo kuna somo la macho. Mbuzi, ng'ombe, mbwa, paka na komba wana utando kama kioo nyuma ya jicho, mwanga unagonga na kurudi, ndiyo maana macho yao yanawaka. Nguruwe hana utando huo. Jicho lake halikurudishii mwanga kama la mbuzi. Kwa hiyo mwenye kungoja macho yawake atapiga mifugo ya watu, nguruwe wanakula nyuma yake.

Na binadamu vilevile hana huo utando. Kitu cheusi kisichowaka macho, kimeinama kwenye mihogo saa nane usiku, kinaweza kuwa nguruwe na kinaweza kuwa mtoto wa mtu anaiba mhogo.

#15 Kaskazi
Duh. Hapo daktari umenitoa jasho.

#16 Mkaa Raskazone
Kwa nini mnahangaika na infraredi? Nunueni kamera ya joto. Haihitaji tochi, haijali giza, mnyama anawaka kama kaa la moto. Unaifunga pale pale nyuma ya darubini, umemaliza.

#17 Fundi wa Chumbageni
Kamera ya joto haiwezi kukaa nyuma ya darubini, mkuu. Inapokea mawimbi marefu, mikromita 8 mpaka 14, na kioo cha kawaida hakiyapitishi. Ukimwelekezea mtu aliye nyuma ya dirisha humwoni, unajiona mwenyewe kwenye kioo. Ndiyo maana lenzi zake zinatengenezwa kwa jamani, na ndiyo maana bei inauma. Ukiifunga nyuma utaangalia joto la lenzi ya darubini mpaka kuche. Hiyo inafungwa MBELE ya darubini, ikiwa na kiskrini chake ndani, au inakuwa darubini kamili inayojitegemea.

#18 Mkaa Raskazone
Jamani gani tena? Jamani jamani?

#19 Fundi wa Chumbageni
Jamani ile madini, wengine wanaandika jemaniamu. Usinichekeshe usiku.

#20 Bundi wa Amani
Naomba nichangie, mimi napiga picha za wanyama wa usiku huku Muheza, bunduki sina. Kwa wanaotaka kuchagua, njia ni tatu.

Ya kuchomeka nyuma ni rahisi kwa sababu haigusi shabaha. Msalaba ni ule ule wa darubini, umeshawekwa ziro mchana, yaani umeshalinganishwa na risasi inapopiga, kamera inautazama tu kama jicho lako linavyoutazama. Ubaya wake ni kwamba inarefusha kitu nyuma kwa upana wa kiganja au zaidi, shavu linakosa mahali pa kukaa, na bunduki ikipiga teke kile kipande kiko usawa wa nyusi. Nimemwona mtu mwenye kovu la duara, kama amepigwa muhuri.

Ya kufunga mbele inamwachia mtu mkao wake wa kawaida, ila ikikaa upande kidogo tu, risasi inakwenda kwingine. Darubini kamili ya kidijitali haina hizo shida lakini unaanza kuweka ziro upya, na uhakikishe imetengenezwa kuhimili teke la bunduki yenyewe, si ile ya upepo.

Sasa mleta mada. Kabla ya umande na vifundo, mlirekebisha fokasi upya usiku? Lenzi ya kawaida haikusanyi infraredi mahali pale pale inapokusanya mwanga wa mchana. Picha iliyokuwa kali magharibi inakuwa uji usiku hata kama hujagusa kitu. Anza na msalaba: zungusha fokasi ya kamera mpaka mistari iwe mikali. Halafu ndiyo uende kwenye shamba kwa kifundo cha umbali, kama darubini inacho. Na ukuzaji weka mara 3 au 4. Mara 9 usiku ni kujitesa, kila ukikuza unagawa mwanga ule ule mdogo.

#21 Mvuka Kivuko
Bundi ahsante sana. Fokasi hatukugusa. Ukuzaji… ilikuwa 9. Baba mdogo alisema "tumelipia tisa, tutumie tisa".

#22 Kidevu
Mzee ana hesabu zake. 😂😂

#23 Babu wa Kipumbwi
Vijana, mimi sina kamera. Darubini za zamani huku pwani zina ugonjwa mmoja, kuvu. Ndani ya kioo inaota nyuzi kama za buibui. Mchana huzioni, kwa sababu unaangalia kitu chenye mwanga. Ukiimulika ndio zinajitokeza. Nilikuwa na darubini ya mkononi niliyoachiwa na Mgiriki mmoja wa shamba la mkonge, nikaiweka sandukuni miaka miwili, nilipoitoa ilikuwa kama imepakwa maziwa. Mwambieni mzee amulike tochi ya kawaida kutoka mbele, aangalie kwa pembeni, si kwa katikati.

#24 Bundi wa Amani
Babu amesema kitu kikubwa. Sikukifikiria.

#25 Mpinzani Mkuu
Adapta je? Mimi yangu ilikuwa ya milimita 45 na darubini yangu nyuma ni 42. Nilizungushia tepu ya umeme mpaka ikakaza, lakini tepu ilikuwa nene upande mmoja, kamera ikakaa imeinama. Kila nikiwasha natazama ukingo wa lenzi, nusu ya picha nyeupe. Kata tepu fupi fupi, mizunguko iwe sawa, halafu iache kutwa moja ishike. Joto letu linayeyusha gundi ya tepu, kwa hiyo kila ukitoka kagua.

#26 Kaskazi
Wewe si ndiye uliyesema haki ya kulinda mali? Kumbe una ya kwako nyuma ya pazia!

#27 Mpinzani Mkuu
Ni ya bunduki ya upepo, ya panya wa ghalani. Tulia baharini kwako.

#28 Mchoma Nyama Ngamiani
Swali la kijinga. Nguruwe akipatikana, nani anakula? Pangani yote ile waswalihina. Mimi nina wateja wa kitimoto, tunaweza kuelewana na mzee.

#29 Daktari wa Mifugo Maramba
Usithubutu. Nyama ya porini kuuza bila kibali ni kosa, waulize kina Mzee wa Doria. Na kitaalamu, nguruwe pori na ngiri wanabeba homa ya nguruwe ya Afrika bila kuugua wenyewe. Ukiingiza nyama yake mjini, mabaki yakamfikia nguruwe wa kufugwa, banda zima linakwisha na chanjo ya kukimbilia hatuna. Mtu hadhuriki nayo, lakini mfugaji utamuua kwa presha.

#30 Mchoma Nyama Ngamiani
Nimenyoosha mikono.

#31 Mama Mihogo
Sisi baada ya ule mbuzi tuliacha bunduki. Tukachimba mtaro, tukapanga miiba, watoto wanalala kwenye dungu kwa zamu na debe la kupiga. Nguruwe hawajaisha ila wamepungua. Kwa tembo watu wanatumia kamba yenye pilipili na oili chafu, na Kenya wanazungushia mizinga ya nyuki.

#32 Kidevu
Tembo gani, wa Saadani au la mnazi?

#33 Babu wa Kipumbwi
La mnazi halihitaji uzio, linahitaji kulindwa na komba. Komba anakunywa kwenye kibuyu cha mgema mpaka anadondoka chini. Asubuhi unamkuta kalala, macho mekundu kama konda wa Muheza.

#34 Bundi wa Amani
Babu, huyo komba kwa infraredi ni kitu cha kutazama, macho yanawaka kama taa za pikipiki! Halafu nadhani uzi umeshapotea njia. Tochi ya 850 ukiiangalia uso kwa uso unaona kinukta chekundu. Ya 940 huoni kitu, lakini kihisi nacho kinaiona kwa shida, umbali unapungua. Wapo wanaosema nguruwe anakiona kile kinukta, wapo wanaosema hajali. Mimi nimeona wanaokimbia na wanaoendelea kula, sina la kuapia.

#35 Mzee wa Doria
Nguruwe hakimbii tochi, anakimbia harufu. Macho yake si kitu, pua ndiyo jeshi. Upepo ukitoka mgongoni kwako hata ufunge kamera ya dhahabu utaangalia mahindi matupu.

#36 Msukule wa Betri
Hakuna aliyeuliza betri? Hizo kamera nyingi zinakula 18650, yaani upana milimita 18 na urefu 65. Mtaani zinauzwa zimeandikwa uwezo wa mAh 9900. Uongo mtupu, nzuri kabisa inaishia karibu 3500. Betri dhaifu tochi ya infraredi ikiwaka inazidiwa, kamera inajaribu kufidia kwa kuongeza ukali, picha inakuwa nyeupe yenye chengachenga. Mleta mada, kulikuwa na chenga?

#37 Mvuka Kivuko
Chenga zilikuwepo, ndiyo. Na betri… ilitoka kwenye kompyuta mpakato ya shemeji mwingine iliyokufa.

#38 Kidevu
Familia yenu ina mashemeji wangapi?

#39 Mvuka Kivuko
Wakuu, narudi na matokeo. Jana tumerudi shambani, bunduki tumeiacha nyumbani kama Mzee wa Doria alivyotaka. Tumefungua darubini tukaifunga kwenye kipande cha mbao pamoja na kamera. Ukuzaji 3. Betri mpya. Fokasi tumeanza na msalaba. Tochi ya kamera tumeizima, mdogo wangu akashika ya pembeni hatua mbili mbele yetu.

Weupe umepungua sana. Haujaisha. Upande wa kushoto wa picha bado kuna wingu. Tumemulika kama babu alivyosema, kuna kitu kama nywele ndani ya kioo, sijui ni kuvu au mkwaruzo.

#40 Fundi wa Chumbageni
Si nilisema? Tochi.

#41 Msukule wa Betri
Betri mpya kasema. Someni vizuri.

#42 Bundi wa Amani
Mmebadilisha vitu vinne kwa usiku mmoja, hamtajua kipi kimesaidia. Rudisha kimoja kimoja.

#43 Kaskazi
Umande ulikuwepo jana?

#44 Mvuka Kivuko
Hapana, kulikuwa na upepo, majani makavu kabisa.

#45 Kaskazi
Basi mimi nimemaliza. Nalala.

#46 Fundi wa Chumbageni
Na lile wingu la kushoto? Upepo haujalifikia?

#47 Mama Mihogo
Nguruwe je, mliwaona?

#48 Mvuka Kivuko
Tumeona komba wawili, paka wa jirani, na baba mdogo akijisaidia nyuma ya mkorosho akidhani tumezima. Nguruwe walipita upande wa pili, upepo ulikuwa mgongoni kwetu. Afisa anakuja Jumatano.